Kocha, Nilale Masaa Mangapi?

Toleo lililopita, nikijibu swali la poda za protini, nilipenyeza sentensi moja: anayelala masaa matano kwa usiku asinijie na habari za poda. Imewachoma wengi. Barua na jumbe za simu zimemiminika kutoka Lamu, Shela, Watamu na hapa Malindi penyewe, wengine wakiniuliza, wengine wakinigombeza. Basi mwezi huu poda zikae pembeni, tuzungumze usingizi. Barua nimezifupisha pale salamu zilipokuwa ndefu kuliko swali.

SWALI: Kocha, asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, umri wangu miaka 23. Mchana nashusha mizigo jetini: simiti, mchele, unga. Baada ya magharibi naingia jimu, kisha isha, kisha baraza na wenzangu mpaka saa 6 usiku, siku nyingine saa 7. Alfajiri mama haniachi, lazima niamke niswali, na nikishaswali ni kazini. Kifua changu, kile cha kulala kwenye benchi na kusukuma chuma juu, kimegoma kwenye kilo 70 tangu kusi kuanza. Wenzangu wawili waliokuwa nyuma yangu wamenipita. Nimeambiwa ninunue kreatini. Ninunue au nisinunue?
*Mbeba Simiti, Langoni*

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kreatini, ile poda ya kuipa misuli nguvu, ni kitu cha kweli, ni katika vile vichache vinavyouzwa jimu ambavyo vina ushahidi nyuma yake. Sitakukataza. Lakini pesa hizo zishike kwanza, tupige hesabu.

Adhana ya alfajiri kwetu pwani haiendi mbali na saa 11, iwe kaskazi iwe kusi. Ukifika kitandani saa 6 na nusu, yamebaki masaa manne na nusu. Toa dakika za kugaagaa kwa joto, toa na za punda anayelia chini ya dirisha, umebaki na manne. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikaa mwaka 2015 wakakubaliana kwamba mtu mzima anatakiwa apate masaa 7 au zaidi kila usiku. Hapo wanamsemea mtu yeyote, hata karani anayeshinda kitini. Wewe umepokea simiti kutoka mashuani kutwa nzima, halafu jioni ukaenda kujilaza chini ya kilo 70 kwa hiari yako. Kwako mimi naandika 8, na siku mwili ukidai 9, upe.

Wala usidhani wakubwa wa michezo wanatufunza adabu katika hili. Wanamichezo 175 wa daraja la juu walipimwa huko Australia, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Wenyewe walisema wanahitaji masaa 8 na robo hivi ili waamke wamepumzika. Walichokuwa wakipata kilikuwa 6 na dakika 40. Wengi wao walipungukiwa na saa nzima au zaidi. Na hao ni watu wenye kiyoyozi chumbani na daktari wa timu. Kwa hiyo tatizo lako si la umaskini wala la Lamu peke yake, ila wewe umelipeleka mbali zaidi.

Sasa kwa nini kifua kimegoma. Chuo Kikuu cha Chicago kiliwachukua vijana 10 wenye afya, wa rika lako, wakalazwa masaa 5 tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana, ile homoni ya kiume inayosaidia kujenga misuli, ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu hiyo, mwanangu, na matokeo yalitangazwa 2011. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, waliwakesheza watu 13 usiku mmoja mzima, kisha wakapima kasi ambayo misuli inaitumia protini kujijenga. Ilishuka kwa asilimia 18. Kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na dhiki, ikapanda kwa asilimia 21. Na chakula walikula kilekile walichokula siku waliyolala vizuri. Maana yake samaki, maharage, hata hiyo poda ya dukani, unakula vyote, ila misuli inachota kidogo kuliko ulivyoilipia.

Hiyo ni habari ya ndani ya mwili. Kuna na habari ya benchi lenyewe. Mwaka 1994 Waingereza waliwalaza wanaume wanane masaa 3 kwa usiku, siku tatu mfululizo, huku wakiwanyanyulisha. Kifua, miguu na kunyanyua kutoka sakafuni, vyote vilishuka. Mkunjo wa mkono ndio pekee uliovumilia, na labda ndiyo sababu vijana wa baraza mikono yao hutuna kila siku na miguu imebaki ya ujana! Lakini jambo lililonifaa mimi kama kocha ni hili: uzito wa wastani, ule wa kurudiarudia, uliumia zaidi kuliko uzito wa juu kabisa unaonyanyuliwa mara moja. Bila shaka kilo 70 ukijikaza bado unaipandisha. Kinachokukimbia ni ile seti ya tatu na ya nne ya kilo 55, marudio manane manane, ambayo ndiyo inayojenga. Unaifanya nusu, unajisemea leo nimechoka, kesho hivyohivyo, miezi inakwenda.

Mashua haikalafatiwi, yaani haizibwi nyufa, ikiwa inatembea. Hupandishwa pwani kwanza, ikalala ubavu, fundi akapata nafasi ya kupitisha pamba na sifa, yale mafuta ya samaki. Wewe mashua yako haijapandishwa tangu mwaka jana.

Lakini nisikutie hofu kupita kiasi, maana wako vijana wakishasoma haya hukosa usingizi kwa kuuwaza usingizi. Usiku mmoja mbovu hauvunji mtu. Wamarekani waliwahi kuwakesheza wanyanyuaji wa kiwango cha taifa kwa masaa 24, kisha wakawapa vyuma vya mtindo wa Olimpiki na skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Nguvu hazikushuka. Kilichoharibika ni roho: uchovu, akili kuvurugika, hamu kupotea. Kwa hiyo ukikesha Maulidi au arusi ya binamu yako, keshoye ukitaka nyanyua, hakuna dhambi. Kinachomla mtu ni mfululizo. Na hatari ya mfululizo ni kwamba hujijui. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2003, kiliwaweka watu kwenye masaa 6 kwa usiku, siku 14. Mwisho wa siku hizo akili zao zilikuwa nzito sawa na za mtu aliyekesha hadi siku mbili, na wenyewe wakiulizwa walijiona wana usingizi kidogo tu.

Ndiyo maana mimi simuulizi mtu anajisikiaje. Jimu yangu iko mtaa wa Barani hapa Malindi, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mlangoni kuna daftari limefungwa kwa uzi wa kuvulia. Kabla hujagusa chuma unaandika saa uliyolala na saa uliyoamka, ndipo uandike kilo. Ukiandika chini ya masaa matano usiku wa pili mfululizo, nakukatia seti nusu na unarudi nyumbani mapema. Wageni hunicheka. Baada ya muda huwaona wenyewe wamesimama mlangoni, kidole kwenye safu ya usingizi, kidole kingine kwenye safu ya kilo, wamenyamaza.

Sasa dawa. Jimu yako ya baada ya magharibi iache palepale ilipo. Kuna wanaosema mazoezi ya jioni yanafukuza usingizi. Watafiti wa Zurich walikusanya tafiti nyingi mwaka 2019 wakaona hakuna ubaya, ila mazoezi makali yakiishia chini ya saa moja kabla ya kulala. Wewe unamaliza mapema. Mwizi wako ni baraza. Nami nimezaliwa Mkomani, najua asiyekaa barazani huulizwa kama ni mgonjwa au amegombana na watu. Kaa, lakini saa 3 na nusu simama uage. Saa 4 uwe ndani ya chandarua, simu iwe chumba kingine au mpe mama. Mpaka adhana umepata masaa 7.

Sehemu ya kilichobaki ichukue mchana. Adhuhuri ikishapita, jua kali, nusu ya maduka ya Lamu yamefunga milango na hata punda wamejibanza vivulini, lala kailula. Dakika 30 zinatosha. Waingereza hao hao mwaka 2007 waliwapa vijana waliolala masaa 4 nafasi ya kusinzia nusu saa baada ya chakula cha mchana, na mbio zao fupi zikawa bora kuliko za waliokaa tu. Babu zetu walilala kailula bila kungoja utafiti. Usivuke hapo, utaamka kichwa kizito na usiku utauchelewesha. Na iwe imekwisha kabla ya alasiri.

Fanya hivyo kwa wiki sita. Kilo 70 ikiwa bado imekaa palepale, nunua kreatini yako, gramu 3 hadi 5 kwa siku, zaidi ya hapo unaukojolea mfuko.

SWALI: Kocha, mimi ni mlinzi wa usiku katika hoteli moja upande wa Casuarina, Malindi. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Nikitoka napitia jimu moja kwa moja, maana nikifika nyumbani tu sitoki tena. Nalala saa 4 asubuhi, saa 8 joto la mabati limeshaniamsha. Watoto nao wanarudi shule. Mwili unapungua badala ya kuongezeka, ila tumbo limebaki. Hilo silielewi.
*Mlinzi, Maweni*

JIBU: Kaka, hilo la tumbo kubaki na mwili kupungua lina maelezo, na maelezo yake yanauma. Mwaka 2010, Chicago tena, walichukuliwa watu wanene 10 wakapunguziwa chakula. Wiki mbili walipewa masaa 8 na nusu kitandani, wiki mbili nyingine 5 na nusu. Uzito waliopoteza ulikaribiana. Lakini walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na nyama ya mwili iliyopotea ikazidi kwa asilimia 60. Mwili ulikula misuli ukaweka akiba ya mafuta. Wewe unalala masaa manne, na kama nawajua walinzi, usiku unakunywa chai na mkate mkavu, mlo wa maana unaungoja nyumbani. Umejipeleka kwenye utafiti ule kwa miguu yako.

Geuza ratiba. Ukitoka kazini usipite jimu. Kwanza, mtu aliyekesha akiwa peke yake chini ya chuma kizito asubuhi namwogopea. Pili, kila dakika unayokaa kwenye jua la saa 2 asubuhi, jicho linaiambia akili kuwa siku imeanza. Vaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua, hata kama wenzako watakuita Mtaliano. Fika nyumbani, kula kidogo, oga maji ya mtungi, saa 1 na nusu uwe umelala. Hadi saa 6 na nusu umepata masaa matano kabla bati halijawa tanuri. Saa 9 hadi saa 10 ongeza saa nyingine; sita bado ni pungufu, lakini ni bora kuliko manne. Usingizi uliogawanywa mara mbili si mbaya, mradi hesabu isishuke chini ya hapo na saa zake zisibadilikebadilike.

Jimu iwe katikati hapo, saa 7 na nusu mchana, au saa 10 kabla hujavaa sare. Siku tatu kwa wiki zinakutosha, moja iwe siku yako ya mapumziko.

Kuhusu chumba. Mwili hauzami usingizini mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo, na chini ya bati tupu halishuki. Ukiweza kupiga dari, hata la makuti au magunia yaliyoshonwa, litakusaidia kuliko godoro jipya. Dirisha liwekee blanketi zito, si pazia la kitenge linalopitisha mwanga. Feni isikupulize usoni tu, ielekeze kifuani na miguuni, na stima ikikatika uwe na leso iliyoloweshwa pembeni ujifute shingo. Na umwombe shemeji yangu, kwa heshima, watoto wakirudi wapitie kwa jirani mpaka saa 10. Asilichukulie kama ni uvivu wa mume. Yeye akikesha na mtoto mgonjwa, usiku ule si anaujua.

Neno moja la mwisho: siku ambayo hukulala kabisa, usiendeshe pikipiki kurudi nyumbani. Panda tuktuk.

SWALI: Kocha, nakuandikia bila mume wangu kujua. Ananyanyua vyuma tangu ujana na shingo imeota mpaka shati za inchi 17 hazifungi kifungo cha juu. Anakoroma hadi chumba cha pili wanasikia. Kukoroma nimezoea. Kinachonitisha ni kwamba hunyamaza ghafla, hata pumzi haisikiki, kisha hushtuka kama mtu aliyetoka majini. Asubuhi kichwa kinamuuma. Kazi yake ni kuvusha abiria kwa boti na mwanangu ameniambia baba alisinzia kwenye usukani. Nikimwambia, anasema ni uchovu wa jimu.
*Mama Watoto, Shela*

JIBU: Dada yangu, huo si uchovu wa jimu, na hapa naacha mzaha.

Unayoyaeleza ni dalili za njia ya hewa kuziba usingizini. Nyama za koo hulegea mtu akilala, hewa inakatika, moyo unahangaika, mpaka akili imshtue avute pumzi. Hili linaweza kurudi mara nyingi sana kwa usiku mmoja, naye asikumbuke hata moja. Anaweza kulala masaa tisa akaamka amechoka kuliko mlinzi wa Maweni hapo juu. Madaktari huuliza shingo: kwa mwanamume, kuanzia inchi 17, yaani sentimita 43, hatari inaongezeka. Wanyanyuaji wengi hudhani hiyo ni habari ya wanene wenye vitambi. Shingo ya misuli nayo inabana. Na ikiachwa inapandisha presha ya damu na kuuchosha moyo.

Usibishane naye. Usiku wa leo mrekodi kwa simu, dakika kumi zinatosha, uhakikishe ukimya ule na kushtuka kule vimesikika. Mwanamume anayebishana na mkewe hawezi kubishana na sauti yake mwenyewe. Kisha mwende hospitali pamoja, apimwe presha, na umwambie daktari maneno yaleyale uliyoniandikia, hasa la kusinzia kwenye usukani. Tiba ipo: kwa wengine ni kupunguza uzito, kwa wengine mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Kabla hamjafika, alale ubavu, si chali, na asiguse vidonge vya usingizi wala pombe, maana vinazidisha kulegea kwa koo.

Na boti. Mpaka aonekane na daktari, asivushe watu. Mtafutieni nahodha wa kushika zamu. Najua ni riziki ya nyumba, lakini abiria nao wana nyumba zao.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato. Anaamka saa 10 alfajiri kupanda juu ya dari kunyanyua makopo ya rangi aliyoyajaza simiti, usiku anasoma hadi saa 5. Jirani ananiambia vyuma vitamdumaza. Nimkataze?
*Mama wa Kisumu Ndogo*

JIBU: Mama, makopo ya simiti hayamdumazi mtoto, hata mimi nilianza nayo, mradi mizani ya pande mbili iwe sawa na asijaribu uzito wa kujionyesha. Kinachomrudisha nyuma ni hayo masaa matano. Umri wake unadai 8 hadi 10, zaidi ya wewe na mimi, na homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi zaidi usiku, katika ule usingizi mzito wa mwanzo. Makopo yahamie jioni baada ya alasiri, vitabu vifungwe saa 3 na nusu. Akibisha mwambie kocha amesema misuli ya alfajiri ile ni ya mkopo.

SWALI: Kocha umetuandama na usingizi, lakini hujasema lolote kuhusu vichangamsho. Mimi kabla ya jimu, saa 1 usiku, nalamba kijiko cha poda ya kuamsha mwili. Baada ya jimu kahawa chungu barazani na muguka kidogo, si mingi. Nalala saa 8 usiku bila shida. Kuna ubaya?
*Mzee Kijana, Watamu*

JIBU: Ndugu yangu, "nalala saa 8 usiku bila shida" ni sawa na kusema naanguka mnazini bila shida.

Kafeini ikishaingia mwilini, baada ya masaa matano hivi nusu yake bado imo. Wamarekani, mwaka 2013, waliwapa watu miligramu 400 masaa 6 kabla ya kulala. Walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kijiko kimoja cha hizo poda za kuamsha mwili mara nyingi kina miligramu 150 hadi 300, soma maandishi ya kopo. Juu yake unaongeza vikombe vya kahawa chungu. Kikombe ni kidogo, kweli, lakini sijawahi kumwona mtu wa pwani akinywa kimoja akaondoka, maana muuzaji anagonga vikombe vyake, tende zinazunguka, hadithi haijaisha. Poda iwe ya wanaonyanyua asubuhi. Kahawa nywea alasiri.

Muguka na miraa ni jambo jingine. Ndani yake kuna kathinoni, ambayo hufanya kazi karibu na zile dawa kali za kuamsha: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakufa, usingizi unakimbia. Mnyanyuaji ana vitu viwili tu vya kumjenga baada ya chuma, chakula na usingizi, na jani lile linamnyang'anya vyote viwili kwa usiku mmoja, tena kwa bei nafuu. Magavana wa pwani walijaribu kuipiga marufuku muguka mwaka 2024, mahakama ikasimamisha amri zao. Mimi sina mamlaka zaidi ya mlango wangu, na hapo sheria inajulikana: mwenye shavu lililofura hapandi benchi.

SWALI: Ramadhani tunyanyue lini na tulale lini? Mwaka jana nilipungua kilo nne.
*Mfungaji, Mkomani*

JIBU: Usitafute kuongezeka mwezi huo, tafuta kubaki pale ulipo. Tarawehe ikiisha, pinga kishawishi cha kutembea mtaani mpaka daku kama wanavyofanya vijana. Lala saa 4 na robo, amka saa 10 kasorobo kwa daku, swali alfajiri. Kazi ikikuruhusu, lala tena kwa muda wa saa moja na nusu, na kailula usiiache. Zikijumlishwa zinakaribia nane. Jimu iwe baada ya futari nyepesi, tende na uji, kabla ya isha, au kama unaweza saa ya mwisho kabla ya magharibi, ukimaliza unafuturu papo hapo. Kilo zibaki zilezile, seti zipunguze nusu. Daku kula mayai, maharage, maziwa, na maji mengi. Viazi vya karai na bajia waachie wenye kulala mchana kutwa. Kizunguzungu kikikushika kabla ya futari, weka chuma chini, uende nyumbani.